Fundi Tuula na pampu tano zilizofunikwa kwa wema

Saa tatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mapaa ya Kotipiha, mtaa wa wazee wa asili ya Ufini mjini Thunder Bay, Kanada, na Tuula Ranta amepiga magoti kwenye theluji nyuma ya nyumba namba tisa. Anachimba kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umetolewa plasta wiki mbili zilizopita, na daktari amemwonya asiupe kazi nzito. Kila baada ya koleo tatu anausahau ushauri huo, mkono unamkumbusha, naye anatukana kwa Kifini.

"Iko hapa hapa," anasema. "Niliifunga mwenyewe mwezi wa sita. Mashine ya kilo tisini haitembei."

Ni digrii tisa chini ya sifuri. Kwa watu wa Thunder Bay hilo ni joto, na jirani wa namba kumi ametoka kutupa taka bila kofia. Katika hali ya namna hii, pampu ya joto ya nje ndiyo inayotakiwa kufanya kazi, na tanuri la gesi lililo chini ya nyumba likae kimya. Lakini bomba la kutolea moshi wa gesi ubavuni mwa nyumba linatoa mvuke tangu mimi, mwandishi, na Tuula tulipofika. Tuula analitupia jicho kila anaponyanyua koleo, na jicho lenyewe si la amani.

Ana miaka hamsini na saba. Ni fundi wa joto la majumbani, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja, na siku tatu zijazo ndizo zitakazoamua kama ataendelea nayo. Jumapili saa nane mchana, wanachama wa Ushirika wa Kotipiha, nyumba ishirini na mbili, karibu wote wazee, watapiga kura. Ama nyumba kumi na sita zilizobaki zifungiwe mfumo wake wa pampu na gesi, ama zile sita alizozifunga kiangazi zing'olewe pampu, mambo yaishe.

"Wakisema hapana, nafunga karakana," anasema bila kuinua kichwa. "Kuna vyama vingine vitatu vya nyumba vinawatazama hawa. Mji huu ni mdogo. Hapana ya hapa ni hapana ya kila mahali."

Koleo linagonga mbao.

Tuula anasimamisha mkono. Anapangusa theluji kwa glavu, na ubao mwekundu unajitokeza, kisha wa pili, kisha kona iliyoungwa vizuri hata ukucha haupiti. Ni sanduku zima, refu hadi kiunoni, limepakwa rangi nyekundu ileile ya mabanda ya ng'ombe, na juu yake pameandikwa 9 kwa rangi nyeupe. Pampu imo ndani, imefunikwa pande zote nne na juu.

Anakaa chini kwenye theluji.

"Sulo," anasema taratibu, akiitambua kazi ya seremala wa namba kumi na nne. "Mzee Sulo, umefanya nini, baba?"

Mfumo anaoufunga Tuula hauna maajabu. Nje hukaa pampu, chombo cha bati chenye feni, kinachofanana mno na mashine ya kupoza hewa ambayo kila nyumba hapa inayo kwa ajili ya mwezi wa saba. Hata hewa ya baridi ina joto lake, na pampu hulikamua joto hilo na kulipeleka ndani. Baridi ikizidi digrii kumi na nne chini ya sifuri, pampu inapumzika, tanuri la gesi la siku zote linashika kazi.

"Ni zamu tu," Tuula huwaambia wateja wake. "Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha karatasi. Alikuwa na mwenzake. Mmoja akitoka, mwingine anaingia. Hakuna aliyemfukuza mwenzake."

Tabu ya mfumo huu ni uungwana wake. Pampu ikiugua, gesi inapokea kazi bila kulalamika. Nyumba haipoi hata kidogo, mwenye nyumba anaendelea kunywa kahawa yake, na habari anaipata mwisho wa mwezi kwenye bili.

Ndivyo ilivyokuwa Kotipiha. Mwezi wa kumi na moja, Tuula aliteleza kwenye ngazi za mteja akavunjika kifundo cha mkono. Wiki nane alikuwa nyumbani. Simu zikaanza kuingia. Bili ya gesi ni ileile ya mwaka jana, walisema, na ya umeme hatujui imetoka wapi. Aliwaambia wazime, wangoje, wawashe tena. Wakazima, wakangoja, wakawasha. Hamna kitu.

Fundi mwingine aliyeitwa alishuka moja kwa moja chini ya nyumba, akaliangalia tanuri la gesi, akaliona halina kasoro. Nje hakwenda, kwani theluji ilikuwa imefika madirishani. Akawaambia pampu ni za watu wa kusini, baridi ya hapa haziiwezi. Neno hilo lilizunguka Kotipiha kabla ya chai ya saa nne.

"Na hata zilipokuwa zikifanya kazi, mimi sikuridhika," anasema Irja Mattila, mwenyekiti wa ushirika na mwenye nyumba hii, aliyetoka nje akiwa amevaa koti juu ya gauni la nyumbani kuja kuona kinachochimbwa. "Ukiweka mkono kwenye tundu la hewa, ni vuguvugu. Kama pumzi ya ng'ombe. Mimi nimezoea joto linalouma."

"Mama Irja, joto linalouma unalo chini kwenye sauna," Tuula anamjibu. "Unataka kukaa uchi sebuleni?"

"Kwa miaka yangu hii, nani atanikataza?"

Wanacheka wote wawili, lakini Irja hasogei. Anataka kuona. Tuula anatia bisibisi kwenye skrubu za sanduku, anazitoa moja moja, kumi na mbili, zote za shaba. Ubavu mmoja unafunguka. Ndani hakuna pampu inayoonekana. Kuna donge la barafu lenye umbo la pampu.

"Loo!" anasema Irja. "Amekufa?"

"Hajafa. Amekabwa pumzi."

Yaliyotokea yanaeleweka na mtu yeyote aliyeishi hapa. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, Kotipiha hufanya talkoot, siku ya kazi ya pamoja. Wenye nguvu wanakusanya majani, wasio na nguvu wanapika supu ya samaki. Vichaka vinavishwa magunia, maboti yanageuzwa, na mashine za kupoza hewa zinafunikwa ili barafu isizile. Hakuna anayeuliza kwa nini. Imekuwa hivyo tangu nyumba zijengwe.

Mwaka jana Sulo Pihlaja wa namba kumi na nne alikuja talkoot na masanduku sita. Sulo ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa seremala wa maboti hadi macho yalipoanza kumsumbua. Aliona majirani zake sita wamepata mashine mpya, akaona maturubai ya zamani hayatazitosha. Mkewe Kerttu alikuwa amezikwa wiki tano kabla. Wiki hizo zote mwanga wa karakana yake ulikuwa ukiwaka, na watu walifurahi kwamba mzee amepata cha kufanya.

Masanduku matano yalifungwa siku hiyo hiyo kwa makofi na picha. La sita halikufungwa.

"Kwangu haingii," anasema Lempi Autio wa namba tatu, mwenye miaka sabini na tisa, akituwekea mezani mkate mtamu wa iliki bila kuuliza kama tunautaka. "Alikata ua wangu wa miti mwaka themanini na saba, nikiwa hospitali. Eti ulikuwa unamzibia jua. Tangu siku hiyo, Sulo Pihlaja hajakanyaga uani kwangu, si na sanduku, si na maua."

"Na pampu yako, mama Lempi?"

"Inaimba. Kila mtu ananiambia mimi ni bahili, nimezima joto ndiyo maana bili yangu ndogo. Hebu nitazame. Nimevaa sweta mimi?"

Hakuvaa. Bili yake ya gesi ya mwezi wa kumi na mbili ilikuwa dola sabini na moja. Mwaka juzi mwezi huo huo ilikuwa mia moja na tisini. Umeme ulimwongezea dola arobaini na nne. Tuula anaisoma karatasi hiyo mara mbili, kisha anaibusu, na Lempi anamwambia aache uchafu.

Pale pale ushindi ulikuwa mkononi mwake. Angeweza kwenda Jumapili na sanduku moja jekundu, aliweke mbele ya watu na kusema: huyu ndiye aliyeua. Nilimuuliza kama atafanya hivyo. Alinyoosha mkono kuchukua kipande cha pili cha mkate.

Tuula alianza kazi hii akiwa na miaka ishirini na sita, mwanamke peke yake katika darasa la watu kumi na tisa. Mwalimu alimwita "mgeni wetu" mwaka mzima. Kwa miaka ishirini na saba alisafisha na kutengeneza matanuri ya gesi kwa kampuni moja ya mjini, akitambaa chini ya nyumba ambazo hata paka wanazikataa. Miaka minne iliyopita aliacha, akanunua gari lake, akaanza kufunga pampu pamoja na gesi. Mwaka mzuri humwachia dola elfu hamsini na nane baada ya gharama. Mwaka jana, kwa sababu ya mkono, zilibaki elfu thelathini na sita.

"Wenzangu waliniambia nimechanganyikiwa," anasema. "Gesi inalipa, watu wanaijua, wewe unataka nini? Lakini nilikuwa nawaona wazee hawa. Wanafunga vyumba viwili, wanaishi jikoni, ili bili ishuke. Watu waliojenga mji huu wanalala na makoti. Inaniuma. Inaniuma mpaka leo."

Ijumaa asubuhi alikwenda namba kumi na nne. Aliniomba niende naye, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, peke yake angegeuka mlangoni.

Sulo alitukaribisha jikoni na kumimina kahawa. Alitoa vikombe vinne, akakiona cha nne, akakirudisha kabatini. Ni mtu mrefu, kimya, mwenye penseli ya seremala nyuma ya sikio hata akiwa mezani. Kusema kweli Tuula hajui kuzunguka mbuyu, na hakuuzunguka.

"Mzee Sulo, masanduku yako yamezikaba pampu zangu. Zote tano."

Sulo aliweka kikombe chini. "Nimeacha upenyo chini. Maji yatoke."

"Maji yanatoka. Hewa haiingii. Hizi si mashine za kupoza, mzee. Hizi zinafanya kazi majira ya baridi. Zinatakiwa zipumue kutwa kucha. Umezifungia, zikavuta pumzi yao wenyewe, zikaganda."

Mzee alisukuma kiti nyuma. Aliinuka, akaenda kwenye droo ya kabati lililo kando ya jokofu, pale Wafini wote wanapoweka karatasi za dhamana za vitu na kamba zilizobaki. Akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaiweka mbele ya Tuula.

Ilikuwa karatasi ya manjano ya miaka kumi na tisa iliyopita, kutoka kampuni ile ya zamani. Ilikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: FUNIKA MASHINE YAKO YA NJE KABLA YA THELUJI. Ifunike vizuri, ilisema, pande zote, usiache upenyo ubavuni. Chini yake, kwa wino wa bluu, mwandiko wa Tuula: *Kwa Kerttu na Sulo, msisahau! Tuula.*

"Kerttu ndiye aliyeitunza," Sulo alisema. "Alikuwa akinisomea kila mwezi wa kumi. Safari hii nikaisoma mwenyewe."

Jamani, nimekaa na watu walioambiwa habari za msiba na hawakubadilika uso kama Tuula alivyobadilika. Aliisoma karatasi hadi mwisho. Akaisoma tena.

"Karatasi hizi nilizigawa nyumba zote," alisema. "Mji mzima. Miaka na miaka. Nimekuja hapa mwezi wa sita, nimewaonyesha kila kitufe, nimewaachia kitabu cha kurasa arobaini, na sikumwambia mtu hata mmoja: ile karatasi yangu ya zamani, itupeni."

"Ulisahau," Sulo alisema.

"Sikusahau. Haikunijia kabisa."

"Basi nenda kawaambie Jumapili kwamba Sulo ni mjinga. Watakuelewa. Mimi sitakuwepo."

Tulipotoka, Tuula hakuwasha gari. Alikaa ameshika usukani. Kisha akasema kwamba akiwaambia watu masanduku ndiyo yenye kosa, atapata kura, na Sulo hatatoka tena nje hadi siku ya kubebwa. Akisema kosa ni lake, watamuuliza kwa nini wampe nyumba kumi na sita fundi asiyejua kuwaambia wateja jambo dogo kama hilo. Na swali hilo, alisema, yeye mwenyewe angeliuliza.

Siku hiyo na Jumamosi alifanya kazi. Alifungua masanduku yote matano, akayeyusha barafu kwa maji ya vuguvugu, ndoo baada ya ndoo, kwa sababu ukiigonga barafu unavunja mapezi, yale mabati membamba yanayonasa joto la hewa. Pampu tatu ziliamka kabla ya giza la Jumamosi. Mbili zilikuwa zimevunjika feni, na vipuri vyake alivilipia mwenyewe. Irja alisimama nje ya nyumba moja kati ya zile tatu akilitazama bomba la moshi wa gesi lililonyamaza, akaweka kiganja juu yake kuhakikisha.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watu walikuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, viatu vikapangwa mlangoni, na joto la ukumbi, kwa bahati mbaya, lilikuwa la gesi tupu. Irja aligonga meza akampa Tuula dakika kumi. Tuula hakuleta sanduku. Alileta ile karatasi ya manjano, akaisoma kwa sauti, pamoja na jina lake.

"Wangapi wanayo nyumbani?" aliuliza.

Mikono ikanyanyuka mmoja mmoja. Kumi na saba.

"Basi mlifanya nilichowafundisha. Mlifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Pampu zimeganda kwa sababu yangu, si ya mtu mwingine yeyote humu. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?" mzee mmoja wa mstari wa mbele alimkatiza. "Kama hukutuambia hilo, kuna mangapi mengine hujatuambia?"

"Sijui," Tuula alisema. "Ndiyo maana nitapita kila nyumba kila mwezi, majira yote ya baridi, miaka miwili, bure. Nikikosea tena nitalikuta kosa mwenyewe, kabla bili haijawaambia."

Minong'ono ikatanda. Lempi akasimama na bili yake, akaisoma tarakimu kwa tarakimu kwa sauti ya mtu anayesoma Injili.

"Na msiniite bahili tena," akamalizia. "Yangu haikufunikwa. Sikumruhusu Sulo Pihlaja aingie."

"Kwa hiyo kinyongo chako ndicho kilichookoa mashine?" sauti ikatoka nyuma.

Ukumbi mzima ukageuka. Sulo alikuwa amesimama karibu na viatu, hajavua koti. Hakuna aliyemwona akiingia.

"Ndicho," alisema Lempi. "Nishukuru."

"Asante, Lempi."

Ndiyo mazungumzo yao ya kwanza tangu mwaka themanini na saba. Watu walicheka mpaka Irja akagonga meza mara tatu, na Lempi akakaa chini ghafla, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho nadhani hakikuwemo.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Ndiyo zilikuwa kumi na mbili, hapana kumi. Katika zile kumi, mkono uliokuwa juu kuliko yote ulikuwa wa Sulo. Tuula aliuona. Aliiokoa karakana yake kwa kura mbili na alitoka ukumbini bila furaha aliyostahili.

Jumatatu asubuhi alirudi namba tisa kufunga feni mpya, na akamkuta mtu ametangulia. Sulo alikuwa ameinama kando ya pampu na futi ya kupimia, lile sanduku jekundu limevuliwa mbavu zote, limebaki paa na miguu minne.

"Theluji ya paa la nyumba inaiangukia," alisema bila salamu. "Barafu ikidondoka kutoka kule juu itavunja feni tena. Inahitaji kipaa. Pande ziwe wazi. Kiasi gani?"

"Nusu mita kila upande," Tuula alisema. "Mzee, si ulipiga hapana wewe?"

"Nilipiga hapana. Mashine sina ugomvi nayo."

"Sasa ugomvi wako na nani?"

Sulo aliandika kipimo kwenye ubao, akakifuta, akaandika tena. Kisha akasema kwamba Kerttu alikuwa akianika soksi zake juu ya tundu la hewa la jikoni, kila asubuhi ya majira ya baridi, miaka hamsini na miwili, ili azivae zikiwa za moto. Tanuri lile walilinunua pamoja. Hataki lichukuliwe. Wakati wa mikutano ya kiangazi alikuwa hospitalini na mkewe, na alivyoelewa yeye kwa kusikia majirani, gesi inatoka, pampu inaingia.

Tuula alishusha bisibisi.

"Nani alikwambia nalitoa tanuri?"

"Si ndivyo?"

"Sivyo, mzee. Tanuri linabaki palepale lilipo. Bomba lilelile, matundu yaleyale. Siku za kawaida pampu inafanya kazi, siku za baridi kali tanuri la Kerttu linawaka. Ndiyo kazi yenyewe ninayoifanya, kuvikalisha viwili nyumba moja."

"Na tundu la jikoni?"

"Na tundu la jikoni."

Sulo aliitazama futi yake kana kwamba namba zake zimebadilika. Alipangusa pua kwa nyuma ya glavu. Baridi ilikuwa digrii kumi na moja chini ya sifuri, na wote watatu tulikubaliana kimyakimya kwamba ni baridi tu.

"Soksi zitakauka?" aliuliza.

"Siku za kawaida, polepole. Siku za baridi kali, kama zamani."

Tuula anatarajia kuzimaliza nyumba zote kumi na sita kabla ya talkoot ijayo. Chuo cha ufundi kimemwomba afundishe mfumo huu kuanzia mwezi wa tisa, na amekubali kwa sharti kwamba wanawake wasiwe chini ya wanne darasani. Karatasi mpya ya kugawa nyumba kwa nyumba ameshaiandika. Ina sentensi moja, nayo inasema pampu hii haifunikwi.

Orodha ya nyumba kumi na sita ilikuwa mfukoni mwake asubuhi hiyo, bado haina mpangilio. Sulo aliiomba, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho.

"Yangu iweke ya mwisho," alisema. "Mimi ni mzee. Nikifa kabla hujafika, ushirika utakuwa umeokoa mashine moja."

Tuula alimchomoa penseli nyuma ya sikio. Akaegemeza karatasi kwenye kipaa chekundu, na juu kabisa, kabla ya majina mengine yote, akaandika 14.

"Ya kwanza," alisema. "Mwezi wa tano, theluji ikiondoka. Na usithubutu kufa, mzee, vipaa kumi na sita hujavitengeneza bado."